Alinipa Farasi na Kamba Yake

Siku niliyopewa farasi watu walipiga makofi. Tulikuwa tumesimama kwenye nyasi mbele ya mabanda, chai ya maziwa mkononi, keki imekatwa vipande vidogo vya kuonja tu. Mwenye farasi, mwanamke ambaye sote tulimwita madam, akasema anahama Kenya pamoja na mumewe, na kwamba kile anachokipenda kuliko vyote anamwachia mtu anayekipenda kama yeye. Akaninyooshea kidole. Akaniwekea kamba mkononi. Upande wa pili wa kamba alikuwa yule farasi mwekundu mwenye baka jeupe usoni, amefumba jicho moja kwa sababu ya nzi.

Nikasema asante.

Hilo ndilo kosa langu na silifichi. Ningesema, "Madam, tuongee kando." Lakini mimi nimelelewa na watu ambao mtu akikupa mnyama hadharani, hata kama ni kuku mwenye kideri, unampokea kwa mikono miwili na matatizo yake unakwenda nayo nyumbani. Kumkataa mnyama ni kumkataa aliyemtoa. Kwa hivyo nilipokea. Wengine walilia. Mimi nilimaliza keki yangu kwa hasira. Hasira hiyo haijaisha hadi leo.

Nilikuwa saisi pale, nje kidogo ya Ruiru, kwenye shamba lililokuwa la kahawa kabla halijaanza kukatwakatwa ploti. Saisi ndiye anayemlisha farasi, anamsugua, anamsafisha kwato, na kumtembeza siku ambazo mwenyewe hayupo, na mwenyewe mara nyingi hayupo. Niliingia kazi hiyo nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mimba niliyoificha chini ya ovaroli. Wanaume wa pale walinipa wiki moja. Mtoto wangu sasa ana miaka mitano.

Farasi huyo nilimjua kuliko nilivyomjua baba ya mtoto. Ujanani alikuwa wa mashindano. Alipopunguza mbio akauzwa, akawa wa kufundishia watoto kupanda, na kazi hiyo akaifanya miaka mingi bila kumwangusha hata mmoja. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita. Meno yalikuwa yamekwisha. Alitafuna nyasi, akazizungusha mdomoni, akazitema zikiwa zimeviringika kama soksi chafu. Kwato za mbele zilimuuma, na asubuhi alisimama kama mtu aliyeazima viatu vya mdogo wake.

Madam alijua. Miezi miwili kabla ya ile chai, daktari wa mifugo alikuwa amemwambia waziwazi, "Kabla baridi ya Juni haijafika, uamue. Anaumia, na ataumia zaidi." Madam akaweka mkono mdomoni. "Siwezi," akasema. "Mimi siwezi kuwa mtu wa kufanya kitu kama hicho." Akaenda kukaa ndani ya gari. Daktari akabaki anaangalia viatu vyake. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kamba, na aliyeshika kamba huwa haonekani. Kumbe siku hiyo nilionekana vizuri sana.

"Hongera, tajiri," aliniambia mzee tuliyefanya kazi naye, mtu wa Kakamega aliyetunza farasi za watu tangu kabla sijazaliwa. "Sasa ukienda kununua sukuma unaenda ukiwa juu ya farasi."

"Mzee, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi, msichana wangu. Nakupa hongera na pole kwa pamoja, nisirudi mara mbili."

Akaniambia zawadi ya aina hiyo ameiona ikitolewa mara tatu. Farasi akiwa bado anafaa, anauzwa. Akishachakaa, anakuwa zawadi. Mmoja kati ya hao watatu alipelekwa kubebeshwa watoto Jumapili kwenye uwanja wa starehe, akafanya kazi mpaka siku aliyokunja magoti mbele ya keki ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mtu. "Wenye farasi wana roho laini," mzee akasema. "Ndiyo maana wanatuajiri sisi."

Pale kazini nikaambiwa banda ni langu hadi mwisho wa mwezi. Halafu ama nilipe kama wenye farasi wengine, ama nimwondoe. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja Witeithie, ambapo hata kuku landlodi hataki. Kilichobaki ni kwa mama, huko Ngoingwa, karibu na Thika. Mama ana robo ekari aliyoachiwa na baba, ng'ombe mmoja, nyasi za nepia kidogo za kumlisha, na fleti mpya zimemzunguka pande tatu, kiasi kwamba jua linafika kwake likiwa limechelewa. Nikaomba pikapu ya kubeba ng'ombe, nikaondoka na farasi, mtoto na godoro.

Mama alisimama kashika kiuno, akaangalia mlango wa nyuma wa pikapu ukifunguliwa.

"Ngai! Ulisema ni mnyama. Hukusema ni gari."

"Mami, ni wa muda tu."

"Anakamuliwa?"

"Hapana."

"Analima?"

"Hapana."

"Analiwa?"

"Mami!"

"Si ninauliza tu. Basi ni mgeni. Mpe maji."

Farasi alishuka taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine. Mama akaiangalia kamba, ile nyekundu nzuri ya dukani. "Na hii ni yako?" akauliza. Nikamwambia nilipewa pamoja na farasi. Akaigeuzageuza mkononi. Kwetu ukiuza ng'ombe, kamba huuzi. Mnunuzi anakuja na yake, ya kwako inarudi zizini, maana ukitoa kamba umetoa zizi lote. "Huyo madam wako hataki hata cha kumkumbusha," akasema. "Haya. Mfunge pale kwa mparachichi, lakini asiguse nepia yangu."

Usiku ule nilifikiria jambo ambalo sikuwahi kulifikiria miaka yote ile ya kufagia mabanda. Nyumbani kwetu hakuna mnyama niliyewahi kumwona akizeeka. Ng'ombe akipunguza maziwa, mtu wa bucha anaitwa. Mbuzi haoni Krismasi ya tatu. Watu wataniambia huo ni ukatili, lakini hakuna mtu kwetu aliyewahi kuketi ndani ya gari akilia na kumwacha mnyama aumie mwezi baada ya mwezi. Nyama ilikuwa inatuamulia. Farasi hana nyama, angalau si kwa watu wa Thika. Akizeeka haleti kitu. Kufa kwake ni gharama tupu, sindano na shimo, na kwa sababu ni gharama tupu kila mtu anapata kisababu cha kidini au cha mapenzi cha kungoja. Sisemi sisi ni bora. Nasema mtu anayejiita mpole aangalie upole wake unalipiwa na nani.

Basi nikalipa. Saa kumi na moja asubuhi nilikuwa naloweka pumba za ngano kwenye maji ya moto na molasi, mpaka ziwe kama uji, kwa sababu hicho tu ndicho alichoweza kumeza. Halafu nikaenda Ruiru kulisha farasi za wengine. Jioni nikarudi kuloweka tena. Mtaa ulimpenda. Watoto wa fleti walining'inia kwenye balkoni wakimwita. Vijana wa boda boda walisimama getini.

"Siste, hiyo mashine inakunywa petroli gani?"

"Inakunywa mshahara wangu."

"Si utuletee stejini tufanye nayo kazi? Haitaki hata inshuarensi!"

Nilicheka pamoja nao. Lakini niliyejua kumsoma nilikuwa mimi. Mei mvua ilipokwisha mbavu zilikuwa zimeanza kuhesabika. Juni, ukungu ukiwa umekalia Ngoingwa mpaka saa nne, alianza kulala chini na kushindwa kuamka mara ya kwanza. Alinyoosha miguu ya mbele, akasukuma, akaanguka kwa ubavu, akangoja, akasukuma tena. Mama alimwona siku moja akaingia ndani. Na bado kulikuwa na siku nzuri. Jua likitoka alikuwa anabingirika mavumbini kama ndama. Siku mbaya hazikunipa shida, maana zilikuwa zinajieleza zenyewe. Siku nzuri ndizo zilizonitesa. Kila siku nzuri nilijiambia, nani amekupa wewe ruhusa ya kuamua afe?

Jumamosi moja akaja mwanamume mwenye kamera. Alikuwa amesikia habari. Alivaa vizuri, aliongea vizuri, alimwita mama "mamangu" kabla hata hajaambiwa karibu. Alitaka kumnunua.

"Kazi yake ni kusimama tu," akasema. "Mtoto anapanda, anapigwa picha, anashuka. Hiyo si kazi, hiyo ni kustaafu."

"Miguu inamuuma."

"Siste, hata yangu inauma. Jumapili tu. Siku zingine analala."

Akataja pesa. Zilikuwa zinatosha karo ya nasari ya muhula na kodi ya chumba changu cha Witeithie nilichokuwa bado nakilipia, na chenji ya gesi. Nataka niseme ukweli hapa, kwa sababu nimewasema wengine vibaya: nilikubali. Sikutoa neno, lakini moyoni nilikubali. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno. Anakwenda mahali penye watoto. Amewazoea watoto. Hatakuwa mpweke. Maneno matamu kabisa, na yote nilikuwa nimeyasikia kwenye nyasi za Ruiru, juu ya chai.

"Hebu nione anavyotokea kwa picha," yule mtu akasema. Kabla sijajibu akambeba binti yangu na kumkalisha juu mgongoni.

Farasi akasimama imara. Masikio yakaenda mbele. Shingo akainyanyua kidogo, vile alivyofunzwa. Binti yangu akacheka, mtu akapiga picha moja, mbili, akarudi nyuma apate mparachichi wote. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa mguu wa mbele. Mguu ule ulikuwa unatetemeka, si kidogo, unatetemeka kutoka begani mpaka kwenye kwato kama sufuria juu ya moto. Na hakusogea hata nukta. Miaka yote alifunzwa kwamba mtoto akiwa juu husogei, na kwa sababu hiyo hakusogea. Angesimama hivyo Jumapili nzima. Angesimama hivyo mpaka aanguke, na kila mtu angesema, "Lakini jana alikuwa sawa."

Nikamshusha mtoto.

"Hauzwi," nikasema.

"Naongeza kidogo."

"Nimesema hauzwi. Nenda ukanunue pikipiki upigie watoto picha."

Mama alinifuata jikoni. "Pesa hizo zingekusaidia."

"Najua, mami."

"Sasa utafanya nini naye?"

"Namwita daktari."

Alielewa. Akafunika sufuria ambayo tayari ilikuwa imefunikwa. "Roho inachukuliwa na aliyeiweka," akasema.

"Na ng'ombe zako ulizouzia bucha?"

"Hizo zilikuwa chakula. Mungu aliruhusu chakula. Huyu unamuua kwa sababu gani?"

"Kwa sababu anaumia."

"Mimi pia naumia magoti," mama akasema, na hakuwa anacheka.

Nilitoka nje nikamwandikia madam. Nilimweleza hali yote, bila lawama. Nilimwomba kitu kimoja tu, anisaidie kumlipa daktari, maana sindano ile na safari yake ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Jibu lilikuja kesho yake. Aliandika kwamba amelia sana. Kwamba alinipa mimi kwa sababu aliamini mimi sitawahi kufanya hivyo. Kwamba nisimwambie siku yenyewe. Mwisho akaniomba picha ya farasi akiwa na furaha.

Nililisoma lile jibu nikiwa nimesimama kwenye tope na ndoo ya pumba. Kama angekuwa mbele yangu ningemmwagia. Watu wanafikiri hasira yangu ni ya pesa. Pesa nilizikopa kwenye chama chetu cha akiba, nikazirudisha. Hasira yangu ni kwamba alibaki na upendo wote, akaniachia mimi mauaji.

Mzee wa Kakamega ndiye aliyenipa la maana. Nilimwambia nangoja siku mbaya kabisa, ili nisiwe na shaka. Akatikisa kichwa. "Ukingoja akuombe mwenyewe, atakuomba akiwa chini, saa ambayo wewe hupo. Chagua siku ukiwepo."

Nikachagua Alhamisi, saa nne asubuhi.

Shimo lilichimbwa na fundi wa vyoo, kwa sababu Ngoingwa hakuna mtu mwingine anayechimba kwenda chini kiasi hicho. Daktari aliniambia liwe refu, na upande mmoja uwe mteremko ili aweze kuvutwa, na udongo wa juu uwe mwingi, kwa sababu dawa hiyo inabaki mwilini na mbwa akifukua atakufa. Mama alichagua mahali mwenyewe, mbali na tangi la maji, akang'oa mistari miwili ya nepia bila kuombwa.

"Mama, hiki choo ni cha shule?" fundi akaniuliza siku ya kwanza, alipoona nilivyopima.

"Ni cha farasi."

"Farasi wa siku hizi wanaingia choo?"

"Huyu anaingia na hatoki."

Akanitazama, akamtazama farasi, akaweka jembe begani. "Pole," akasema. Aliporudi siku ya pili alikuwa ameacha mizaha, na kingo za shimo alizinyoosha kwa panga kama za kaburi.

Asubuhi ya Alhamisi farasi alikula pumba zote. Alilamba ndoo mpaka ikasogea.

"Unaona?" mama akasema. "Amekula. Mwache."

Nilikaribia kumwacha. Nilikuwa na simu mkononi, nambari ya daktari iko tayari. Halafu nikamwona anageuka kwenda kwenye jua, hatua tano, na hatua hizo tano zilimchukua muda mrefu kuliko mimi kwenda getini na kurudi. Nikairudisha simu mfukoni.

Daktari alikuja na karatasi. Nilimwomba aniambie kwamba hiyo ndiyo njia pekee. Nilitaka aamue yeye, nataka hilo lijulikane, mimi pia nilitafuta wa kumtupia mzigo. "Mimi ni sindano tu," akasema kwa upole. "Anayeamua ni mwenye mnyama." Kwenye karatasi palikuwa na mstari wa mwenye mnyama. Sijawahi kuwa mwenye kitu kikubwa kuliko meko ya gesi. Nikaweka sahihi.

Nilimshika mwenyewe. Tulimsimamisha karibu na mteremko. Daktari alimnyoa sehemu ndogo shingoni, akampa dawa ya kumtuliza kwanza, na kichwa kikashuka mpaka kikaegemea tumbo langu, kizito, chenye joto la uji. Mama alikuwa amesema atakwenda kwa mkutano wa akina mama kanisani. Sikumsikia akirudi, lakini nilipoangalia kando alikuwa pale na kitambaa chake cha kanisa kichwani, ameweka kiganja juu ya jicho la farasi ili jua lisimpige. Sindano ya pili ilikuwa ya haraka. Magoti yake yalikunjika, halafu mwili wote, na ardhi ikagonga nyayo zetu. Daktari akasikiliza moyo kwa muda, akasema, "Imekwisha."

Mtoto alirudi kutoka nasari saa saba. Mama alikuwa ametengeneza hadithi: tungemwambia farasi amefuata madam kwa ndege. Nilimkatalia. Binti yangu aliona udongo mbichi kabla hajavua begi.

"Farasi yuko wapi?"

"Amekufa. Yuko hapo chini."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Sana. Na alikuwa mzee."

"Mungu ndiye alimchukua?"

Mama alinitazama. Mtoto alikuwa amenifungulia mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa mpana.

"Hapana," nikasema. "Mimi ndiye niliyesema afe. Daktari akamdunga sindano, akalala, akafa."

Akafikiri. "Ulimuuliza?"

"Farasi haongei. Nilimwangalia siku nyingi."

"Na ukamwangalia akasema ndiyo?"

"Sijui. Nilidhani amesema ndiyo."

Akavua begi, akalitupa miguuni pangu, akaenda kwa mama yangu, shosho yake. Siku mbili hakutaka nimshike. Nilipochukua kitana nimsuke alikwepa kichwa na kusema shosho ndiye atamsuka, ingawa vidole vya mama haviwezi tena kufunga mistari midogo. Mama alitaka kumkemea. Nikamwambia amwache. Alienda nasari na mistari iliyopinda, amenuna, na getini hakunipungia mkono. Nilisimama pale mpaka akapinda kona, ili aweze kuniona kama angegeuka.